Miezi 36 ya ACCA: namna ya kukusanya uzoefu wa kazi na kuusainisha kabla hujakwama

Mtihani wangu wa mwisho wa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu chenye makao Uingereza, niliufanya Desemba, matokeo yakatoka Januari, nyumbani wakapika pilau. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni "CPA wa Uingereza", yaani mhasibu mwenye sifa kamili. Mimi nilijua kuna kitu kimebaki, ila nilikichukulia kama kujaza fomu tu. Jioni ile nikafungua akaunti yangu, nikakuta ukurasa wa uzoefu wa kazi mweupe pe. Mwezi hata mmoja haujathibitishwa, lengo hata moja halijaandikwa. Bosi aliyenisimamia miaka mitatu ya kwanza alikuwa ameshahama kampuni, kisha akahama na nchi, na namba yake ya zamani haipatikani. Toka siku ya pilau hadi siku niliyoitwa mwanachama ilipita miezi kumi na minne.

Siku hizi mimi ndiye ninayesaini za wengine, na kila mwaka naona vijana wakiingia shimo lilelile. Wanasoma usiku, wanafaulu, halafu wanakwama kwenye jambo ambalo lingewachukua nusu saa kila Ijumaa kama wangeanza mapema. Nimeandika haya kwa anayesoma ACCA akiwa Dar, Mwanza, Mombasa au Kampala, na kwa aliyemaliza mitihani akajikuta pale nilipokuwa mimi.

Kinachodaiwa hasa

Kabla ya kukupa uanachama, ACCA inataka vitu vitatu. Kuna mitihani 13 (pungufu kama umesamehewa baadhi, na msamaha hauzidi mitihani 9). Kuna moduli ya maadili na stadi za kitaaluma. Na kuna uzoefu wa kazi, ambao wenyewe wanauita PER. Aliyemaliza mitihani bila PER anaitwa afilieti. Ni hatua ya heshima, lakini haruhusiwi kuweka herufi za ACCA baada ya jina lake, si kwenye CV wala kwenye kadi ya biashara. Waajiri wanaojua tofauti hiyo huuliza.

PER yenyewe ina vipande viwili, na wengi hukumbuka kimoja. Cha kwanza ni muda: miezi 36 ya kazi ya uhasibu au fedha. Cha pili ni malengo ya utendaji 9, yale tunayoyaita PO. Matano ni ya lazima kwa kila mtu, manne unachagua mwenyewe kati ya 17 ya kiufundi. Kimoja hakifidii kingine. Nimekutana na dada mwenye miaka kumi na moja ya uhasibu aliyeamini miaka yake inajieleza yenyewe. Alikuwa na miezi 132 na PO sifuri.

Jambo jema ni kwamba hakuna mpangilio uliolazimishwa. Uzoefu unaweza kuupata kabla ya mitihani, katikati au baada yake. Hata kazi uliyoifanya kabla hujajisajili ACCA inahesabika, alimradi ilikuwa ya uhasibu au fedha na yupo anayeweza kuithibitisha.

Hatua ya kwanza: hesabu miezi yako leo

Chukua karatasi, andika kila kazi uliyowahi kufanya iliyogusa fedha. Usianze kujihukumu. Weka jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, cheo, na sehemu ya muda wako iliyokwenda kwenye uhasibu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayobadilisha jibu.

Tuseme ulianza kama ofisa utawala wa shule binafsi. Nusu ya siku unapokea wageni na kusimamia usafi, nusu nyingine unaandika risiti za ada na kutunza peti keshi. Ulikaa mwaka mmoja. Hapo unadai miezi 6, si 12. Baadaye ukapata kazi ya siku tatu kwa wiki kwenye ofisi ya mshauri wa kodi, ukakaa miezi 20. Siku tatu kati ya tano kwa miezi 20 ni sawa na miezi 12 ya kazi kamili. Kisha ukaajiriwa kama mhasibu msaidizi, muda wote, miezi 18. Jumla: 6 na 12 na 18, umefika 36. Mtu huyo akitazama CV yake juu juu anaona "uhasibu miezi 18" na kudhani yuko nusu ya safari.

Kinyume chake kipo pia. Kuna mwenye cheo cha "afisa fedha" ambaye kazi yake halisi ni kupeleka hundi benki na kufuatilia mafuta ya magari. Cheo hakihesabiwi, kinachohesabiwa ni kazi. Jiulize: msimamizi wangu akipigiwa simu na kuulizwa nilikuwa nafanya nini, atasema nini?

Mafunzo kwa vitendo, yale ya "field", nayo yaingize kama ulifanya kazi halisi na yupo wa kuyathibitisha. Miezi miwili ya kukaa kwenye kona ukichapa barua, iache.

Hatua ya pili: msimamizi

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa.

Msimamizi wa PER ana kazi mbili: kuthibitisha muda uliokaa kazini na kusaini malengo yako. Kuthibitisha muda kunaweza kufanywa na bosi wako wa moja kwa moja hata kama si mhasibu. Kusaini malengo ni jambo jingine. Anayesaini lazima awe mhasibu mwenye sifa, yaani anayetambuliwa na sheria ya nchi yako au mwanachama wa chombo kilichomo kwenye IFAC, shirikisho la wahasibu la dunia. Tena awe anaijua kazi yako.

Wengi hudhani lazima huyo mtu awe na ACCA. Si kweli. NBAA ya Tanzania imo IFAC, ICPAK ya Kenya imo, ICPAU ya Uganda imo. Maana yake CPA(T) aliyesajiliwa NBAA, anayekaa meza ya pili kutoka kwako na kukutuma chai kila siku, anaweza kuwa msimamizi wako kamili. Nimeona watu wakihangaika mtandaoni kutafuta "mtu wa ACCA" ilhali mkuu wao wa fedha ni CPA wa miaka ishirini.

Kama ofisini kwenu hakuna mhasibu mwenye sifa, na hali hiyo ni ya kawaida kwenye biashara za familia na taasisi ndogo, tazama nje kidogo. Kila mwaka wanakuja wakaguzi wa hesabu. Mmoja wao huwa ndiye anayekaa na wewe, anayedai vocha, anayeuliza kwa nini salio la benki halilingani na daftari. Huyo anaijua kazi yako kuliko unavyodhani. Anaweza kusaini malengo yako baada ya kuzungumza na bosi wako, na bosi akathibitisha muda. Mwombe mapema, wakati ukaguzi unaendelea na bado anakumbuka kazi yako. Ukimfuata miezi minane baadaye ameshakagua kampuni nyingine ishirini.

Sasa kwa nini nasema mapema? Kwa sababu watu huhama. Msimamizi anasaini kwa kipindi alichokusimamia tu. Akihama, kipindi chake kinabaki mikononi mwake, na bosi mpya hawezi kusaini asichokiona. Mwaka juzi kijana mmoja alikuja mezani kwangu, wiki yake ya tatu tangu ajiunge nasi.

"Shikamoo CPA."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

"Nilikuwa naomba unisaidie kusaini PO zangu za kule nilikotoka. Nimeshaziandika zote."

"Kule ulikotoka mimi nilikuwepo?"

"Hapana. Ila kazi ni ileile, CPA. Hata hapa nafanya hayohayo."

"Basi za hapa zifanye hapa, nitasaini. Za kule mtafute aliyekuwa anakufokea kule."

Alinuna siku mbili. Baadaye akampata bosi wake wa zamani kupitia kwa mlinzi wa ofisi ile, ambaye bado alikuwa na namba yake. Zikasainiwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii, si baada ya mitihani, mwombe mtu. Usimwombe kwenye korido wakati anakimbilia kikao. Mwandikie ujumbe mfupi wenye kueleza mzigo unaomtwisha, kwa sababu kinachowafanya wakubwa kukwepa ni kutojua watatumia muda gani. Mimi ujumbe huu ungenishawishi:

"Shikamoo mama. Nasoma ACCA na natakiwa niwe na msimamizi wa uzoefu wa kazi. Kwa kuwa wewe ni CPA na ndiye unayepitia kazi zangu, naomba uwe msimamizi wangu. Nitakuwa nakuletea lengo moja kila baada ya miezi minne, ukurasa mmoja, tulizungumzie dakika kumi na tano, ukiridhika ndipo usaini. Ukiona halijafikia kiwango utanirudishia. Nitashukuru."

Angalia kilichomo: umempa haki ya kukataa. Mtu mwenye leseni yake hapendi kuombwa saini kama anayeombwa chumvi. Akikubali, msajili kwenye mfumo siku hiyohiyo. Unaingiza jina na barua pepe yake kwenye ukurasa wa uzoefu, anapata mwaliko, anathibitisha sifa zake na namba yake ya uanachama. Omba barua pepe yake binafsi pamoja na ya kazini, maana ya kazini hufa siku anapokabidhi ofisi.

Ukisikia anahama, hata kama ni tetesi tu, mfuate. Malengo yaliyo tayari yasainiwe, muda wake uthibitishwe, kabla ya keki ya kumuaga.

Kuna njia ya mkato moja iliyo halali. Mwajiri wako akiwa kwenye orodha ya waajiri waliothibitishwa na ACCA kwa kuendeleza wanafunzi, daraja la dhahabu au platinamu, anaweza kukuruhusu usiandike hata lengo moja kati ya hayo. Mfumo wao wa ndani wa mafunzo unachukua nafasi yake. Miezi 36 bado unadaiwa. Ukiwa kampuni kubwa ya ukaguzi, uliza idara ya rasilimali watu kabla hujaandika hata neno moja.

Hatua ya tatu: chagua malengo kwa kiti unachokalia

Yale matano ya lazima ni haya: maadili na weledi, mahusiano na wadau, mkakati na ubunifu, utawala bora pamoja na hatari na udhibiti (hilo ni moja), na uongozi na usimamizi. Ya kiufundi yamegawanyika kwenye makundi: taarifa za fedha, usimamizi wa fedha, uhasibu wa menejimenti, kodi, ukaguzi, na mengine mawili ya ushauri wa biashara na uchambuzi wa data.

Kosa la kawaida ni kuchagua PO zinazofanana na mitihani uliyoipenda. Anayependa kodi anachagua za kodi, kumbe kazini kodi inashughulikiwa na mshauri wa nje. Chagua kwa kuangalia kalenda yako ya mwezi. Kama wewe ndiye unayehangaika tarehe 7 na PAYE, na tarehe 20 na ritani ya VAT, lengo la ukokotoaji wa kodi na lile la kuzingatia matakwa ya kodi yapo mezani kwako. Ukiwa kampuni ya ukaguzi, malengo matatu ya ukaguzi (kupanga, kukusanya ushahidi, kutoa matokeo) yanakuja yenyewe, unaongeza moja la taarifa za fedha. Ukiwa shirika lisilo la kiserikali, bajeti za wafadhili zinakupa kupanga utendaji na kufuatilia utendaji. Kwenye biashara ya kuuza na kununua, mtaji wa uendeshaji ni wako: wadaiwa, wadai, stoo na fedha taslimu.

Kila lengo lina vipengele vitano, na unatakiwa uvitimize vyote. Visome kabla ya kuchagua. Kama vinne unavifanya na kimoja hukigusi, usikimbie. Nenda kwa msimamizi, mwambie "mama, hiki kipengele sina, nipe kazi ya kukipata." Hapo ndipo PER inapokuwa na faida kuliko cheti chenyewe. Nilipata nafasi ya kukaa kwenye mazungumzo ya mkopo na benki kwa sababu tu nilihitaji kipengele kimoja.

ACCA imetangaza sura mpya ya mtaala wake kuanzia 2027, kwa hiyo orodha ya kufuata ni ile iliyomo kwenye akaunti yako siku unapoandika. Usitumie picha aliyokutumia rafiki aliyemaliza zamani.

Malengo ya lazima huwatisha walio chini. "Mimi sina hata mtu mmoja chini yangu, uongozi nitauandikaje?" Uongozi kwao si cheo. Ulipoachiwa wanafunzi wawili wa field kwenye kuhesabu stoo tarehe 31 Desemba, ukawagawia rafu, ukakagua hesabu zao, mmoja akakosea ukamrudisha kwa staha, huo ni uongozi. Mkakati na ubunifu si lazima uwe umeandika mpango wa miaka mitano wa kampuni. Ulipoona fomu ya maombi ya fedha inazunguka meza sita na ukapendekeza ipite tatu, una cha kuandika, hasa kama ilikubaliwa. Hata kama ilikataliwa, eleza kwa nini.

Maadili ndilo lengo ninalolirudisha mara nyingi zaidi. Watu huandika "siku zote nilikuwa mwaminifu na nilitunza siri". Hilo halina tukio ndani yake. Nipe siku moja. Mtoa huduma alipokuletea ankara mbili za kazi moja akasema "kaka, tutaonana", ulifanya nini saa ile, ulimwambia nani, ukaandika wapi?

Hatua ya nne: daftari la Ijumaa

Kabla ya kuandika lengo lolote, tengeneza daftari. Langu lilikuwa la kurasa 96, la kawaida, ambalo nilianza kulitumia baada ya kuumia. Kila Ijumaa kabla ya kufunga kompyuta unaandika mistari minne: nimefanya nini wiki hii kisichokuwa cha kila siku, kilikwama wapi, niliamua nini na kwa nini, nani aliona. Basi.

Mstari wa tatu ndio dhahabu. Baada ya miaka miwili utakumbuka kwamba ulifunga hesabu za mwaka, ila hutakumbuka kwa nini uliamua kulifuta deni la mteja fulani na kumwacha mwingine. Na sababu ndiyo inayotakiwa.

Usiandike majina ya wateja wala kunakili nyaraka za mwajiri. "Mteja A, msambazaji wa vinywaji" inatosha. Siri za ofisi zinabaki siri hata kwenye PER.

Hatua ya tano: kuandika maelezo

Kila lengo lina maelezo yako binafsi, maneno 200 hadi 500. Utaandika kwa Kiingereza, lakini ushauri wangu ni kulisimulia kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamweleza shemeji aliyekuuliza kazini unafanya nini hasa. Ukianza moja kwa moja na Kiingereza cha vitabuni utajikuta umeandika tafsiri ya somo, si kazi yako.

Tazama mfano huu nilioutunga, lengo la mtaji wa uendeshaji. Kwanza ule wa kurudishwa:

"Katika kampuni yetu tunasimamia mtaji wa uendeshaji kwa kufuatilia wadaiwa, wadai na stoo. Ni muhimu kwa sababu fedha ni damu ya biashara. Tulihakikisha wateja wanalipa kwa wakati na tulidumisha uhusiano mzuri na watoa huduma."

Maneno yote ni sahihi, mtu hayumo. Nani "tuliohakikisha"? Tulihakikisha vipi? Mhasibu yeyote wa duniani angeweza kuyasaini hayo kama yake. Sasa huu:

"Mwezi Machi nilipewa orodha ya wadaiwa nikaipanga kwa umri wa madeni. Niliona theluthi moja ya fedha ilikuwa imepita siku 90, lakini wateja wakubwa watatu walidai hawajapokea ankara. Nilifuatilia nikakuta hati za kupokelea mzigo zinakaa kwa dereva hadi mwisho wa wiki, na ankara haitoki bila hati hiyo. Nilimpendekezea msimamizi kwamba dereva apige picha ya hati iliyosainiwa na kuituma siku hiyohiyo, ankara itoke kabla ya saa kumi na moja. Nilihofia picha zinaweza kughushiwa, kwa hiyo niliweka utaratibu wa kulinganisha na hati halisi kila Ijumaa. Baada ya miezi miwili madai ya 'sijapokea' yaliisha kwa wateja hao. Mmoja bado alichelewa kulipa, na hapo nilijifunza kwamba tatizo lake lilikuwa ukwasi wake, si ankara zetu."

Unamwona dereva, unaiona hati iliyokaa kwake, unaona mtu akifikiri. Ana "nili", si "tuli". Alipima hatari. Alikiri kisichofanikiwa. Msimamizi akisoma atasema "ndiyo, nakumbuka".

Ukimaliza rasimu, weka vipengele vitano vya lengo pembeni na tia alama kila kimoja pale kinapoonekana kwenye maelezo. Kisichoonekana, au ukiongeze kwa tukio la kweli au usubiri upate kazi hiyo. Usibandike sentensi ya kufunika pengo. Msimamizi mzuri huiona kama kiraka cha suruali.

Tukio moja usilitumie kwenye malengo matano. Linaweza kuingia kwenye mawili kama kweli lina pande mbili, lakini likizidi hapo inaonekana miaka mitatu yako ilikuwa na wiki moja ya kazi.

Kuhusu wanaouza PO

Kwenye makundi ya WhatsApp utakutana na mtu anayeuza "PO tisa tayari, pamoja na msimamizi". Bei si kubwa, ndiyo maana inavutia. ACCA hulinganisha maelezo ya watu, na imechapisha maamuzi ya kamati yake ya nidhamu ya kuwafuta watu uanachama kwa kuwasilisha maelezo yaliyofanana na ya wengine au kutumia wasimamizi ambao hawakuwahi kuwasimamia. Wengine waligundulika miaka kadhaa baada ya kupokea cheti, wakiwa na kazi nzuri. Maamuzi hayo huwekwa hadharani na jina la mtu.

Hata sampuli ya bure ya rafiki ina hatari hiyohiyo. Ukiisoma, ifunge, subiri siku tatu, kisha andika yako. Usiandike huku iko wazi kwenye dirisha la pili.

Hatua ya sita: kuwasilisha na kurudishwa

Ukiandika kwenye mfumo, unachagua lengo, unabandika maelezo, unachagua msimamizi, unatuma. Yeye anapokea barua pepe, anaingia, anasaini au anarudisha na maoni. Barua hizo hupenda kuangukia kwenye taka za barua pepe, kwa hiyo siku unapotuma mpigie umwambie. Siku ya saba mkumbushe kwa upole. Usimtumie wiki ya kufunga mwaka wala siku za kuwasilisha ritani. Yuko kwenye moto.

Kurudishwa si kushindwa. Kati ya malengo tisa ya yule kijana wa mlinzi, mimi nilimsainia manne ya kazi za hapa, na matatu kati ya hayo niliyarudisha angalau mara moja. Soma maoni, rekebisha, zungumzeni. Msimamizi anayesaini yote tisa usiku mmoja bila swali hakufanyii hisani, kwa sababu ACCA ikija kuuliza, ataulizwa naye.

Mwendo unaofaa ni malengo matatu kwa mwaka. Ukiwa umechelewa kama nilivyochelewa mimi, anza na yale ambayo msimamizi wake bado yupo karibu, bila kujali namba.

Muda nao unauingiza kazi kwa kazi: mwajiri, cheo, tarehe, asilimia ya uhasibu, msimamizi wa kuthibitisha. Miezi 36 ikitimia, malengo 9 yakisainiwa, mitihani na moduli ya maadili vikiwa vimekamilika, unaalikwa kuomba uanachama.

Uanachama si leseni ya kufungua ofisi

Hapa naomba usichanganye, kwa sababu nimeona kibao kimeshatundikwa mlangoni. Kuwa mwanachama wa ACCA hakukupi ruhusa ya kukagua na kusaini hesabu za kampuni nchini kwako. Tanzania, anayesajili na kuruhusu ni NBAA, kwa Sheria ya Usajili wa Wakaguzi na Wahasibu, Sura ya 286, iliyotungwa 1972. Kenya ni ICPAK, chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008. ACCA nayo ina cheti chake tofauti cha kufanya kazi kwa umma, chenye masharti yake ya uzoefu wa ziada. Ukilenga kufungua ofisi yako, nenda bodi ya nchi yako ukiwa bado mwanafunzi, uulize wanataka uzoefu wa aina gani wa ukaguzi, ili miezi yako 36 uitumie mahali panapokufaa kwa pande zote mbili. Miaka mitatu kwenye idara ya fedha ya hoteli itakupa ACCA vizuri kabisa, lakini ukaguzi hutakuwa umeugusa.

Daftari la Ijumaa usilitupe baada ya hapo. Mwanachama anadaiwa vipimo 40 vya kujiendeleza kila mwaka, 21 kati ya hivyo viwe na ushahidi, na ukifikisha miaka mitano ya uanachama bila doa herufi zinabadilika kuwa FCCA, yaani mwanachama mwandamizi. Langu la sasa ni la nne. Lile la kwanza, la kurasa 96, lina doa la pilau kwenye jalada. Mama alilitumia kufunikia sufuria.